Kikundi cha ukoo: Oxford au Chicago?

Kitinda: Shikamooni wakubwa. Majibu yametoka, nimepata Oxford na Chicago! Zote uzamili wa sera za umma. Oxford mwaka 1, Chicago miaka 2 na wananilipia nusu ya ada. Tangu jana sijalala.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu!! Hongera sana 🎉🎉🎉

Mjomba: Oxford. Mjadala umefungwa. Jina peke yake linafungua milango.

Kaka: Mjomba, chuo ni cha kale, ila shule yenyewe ya sera, Blavatnik, imeanzishwa 2010.

Mjomba: 2010?? Mimi nilijua ni ya tangu enzi za Nuhu.

Kaka: 😂😂

Dada: Kitinda, masomo ya lazima umeyasoma? Achana na picha za majengo.

Kitinda: Juu juu…

Dada: Rudia. Chicago watakukalisha na takwimu na uchumi mpaka uzoee. Tuseme serikali imetoa ruzuku na mavuno yamepanda. Je, ni ruzuku au ni mvua? Kama kazi unayoitaka ni ya kujibu maswali ya namna hiyo, basi wenzio pale Chicago ndiyo chakula chao cha kila siku. Blavatnik nao uchumi upo, na ushahidi upo, ila unachanganyiwa na falsafa, sheria na siasa. Anayetaka kuongoza idara huenda akafaidi zaidi huko.

Kaka: Na hesabu zako tunazijua.

Kitinda: Kaka tafadhali 😭

Mama Mkubwa: Sasa mwaka mmoja si ndiyo nafuu?

Dada: Kwa ada na kurudi kazini mapema, ndiyo Mama. Lakini kwenye miaka miwili kuna likizo ndefu ya katikati, wanafunzi wanakwenda kufanya kazi wizarani au kwenye mashirika, na wapo wanaopatia ajira hukohuko. Wa mwaka mmoja anaanza kutuma maombi ya kazi hata maktaba hajaijua vizuri.

Kaka: Chevening je, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza? Si inalipa gharama zote za kusoma kule?

Dada: Inalipa, lakini maombi yake hufanywa karibu mwaka mzima kabla. Wanataka angalau miaka 2 ya kazi, na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2.

Kitinda: Kazini nina miaka 3. Dirisha ndilo lilinipita.

Mama Mkubwa: Waulize Oxford kama unaweza kuahirisha.

Dada: Aulize, ila asihesabu kifaranga kabla yai halijaanguliwa. Chicago waandikie leo, uwaombe waongeze ufadhili. Waambie wazi kwamba una nafasi nyingine. Si utovu wa adabu, barua hizo wamezizoea.

Kaka: Tafuta na wahitimu wawili watatu wa kila upande. Usiwaulize kama walipenda chuo, wote watasema walipenda. Uliza leo wanafanya kazi gani, na walikaa muda gani bila kazi.

Mjomba: Nami niseme moja. Miaka yangu yote ofisi ya mipango sijaona waziri aliyesoma kurasa 40. Anasoma dokezo la ukurasa mmoja. Uliza wapi wanafundisha kuandika hilo.

Kitinda: Nimeandika hapa Mjomba. Dada, nakutumia barua ya Chicago uipitie. Imefika kurasa tatu.

Dada: Tatu!! Hujamsikia Mjomba?

Mjomba: Kumbe kuna anayenisikia humu.