Pesa ya umma Tanga: tupime tope la chini ya bahari au tununue barafu?

Mtoto wa Makorora: Wadau, tuseme pesa ipo. Iende kupima matope yanayoporomoka chini huko mkondo wa Pemba, au iende kwenye diko la kushushia samaki, barafu na taa? Mi nasema kupima. Januari 2020 tope la mto Kongo liliporomoka baada ya mafuriko, likakimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya za intaneti. Sisi tuna Pangani inashusha tope kila masika na bomba la mafuta linaishia Chongoleani.

Nahodha wa Sahare: Kongo ni Atlantiki huko. Hapa samaki anaoza saa nne asubuhi barafu hakuna.

Dada Ngamiani: Ile intaneti iliyokatika Mei 2024 si ndo tope hilo hilo?

Mtoto wa Makorora: Hapana dada, ile naiacha. Chukua Newfoundland, Kanada ya leo, 1929, tetemeko likamegua mteremko wa chini, nyaya 12 za telegrafu zikakatika moja baada ya nyingine halafu bahari ikapanda ikaua watu 28.

Chumbageni One: Nahodha nae anaongea! Si nyie wavuvi mnaolipua baruti huko chini, leo mna uchungu na bahari?

Nahodha wa Sahare: Ami, hapo umenivunjia heshima. Mi natega jarife, wavu wa papa, miaka ishirini na mbili baruti sijawahi kuishika, mjomba wangu alikatika mkono kwa upumbavu huo nikiwa mdogo nikamfunga kwa kanga ya mama, usiniambie habari za baruti.

Dada Ngamiani: Pole nahodha. Ila wapo, tunawasikia wakilipua, na samaki wao sokoni ukimshika tu mwili umelegea mifupa imevunjika.

Chumbageni One: Sijamtaja yeye.

Nahodha wa Sahare: Umesema wavuvi! Silikanti, yule samaki wa kale, hapa Tanga mlimjua vipi, si alinasa kwenye majarife yetu? Juzi nimeshusha chubwi, risasi ya kamba, penye mwamba wa siku zote, imepanda na tope la kijivu, laini kama uji, jarife lote zito. Mwamba umefunikwa. Nani kaja kuniuliza?

Mtoto wa Makorora: Nahodha, hicho ndicho ninachokililia mimi! Ni upande gani, na kina pima ngapi?

Nahodha wa Sahare: Kwanza huyo aombe radhi.