Mrejesho: Theluji na mtaa usiofika greda

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Wiki iliyopita niliwauliza nitafikaje kazini huku Minnesota, Marekani, theluji imefika magotini na jiji limetangaza kuwa magreda yatasafisha barabara kuu kwanza, sisi wa mitaa ya ndani tusubiri.

Asante kwa aliyesema nisingoje ikome kuanguka. Nilitoka na beleshi kila baada ya saa mbili, nikaichota kidogo kidogo ingali laini. Jirani yangu aliyengoja asubuhi aliikuta imeshindiliwa, nzito kama udongo mbichi.

Chumvi ya kuyeyusha barafu haikufua dafu. Usiku ule baridi ilifika nyuzi 20 chini ya sifuri, na chumvi ya kawaida huanza kushindwa ikipita kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Nikamwaga mchanga, matairi yakashika.

Ule ushauri wa kusimama ukiitazama barabara, kisha ukachimba nafasi kando upande wa kushoto wa njia ya kuingizia gari nyumbani, linakotokea greda, ni dhahabu. Greda lilipokuja siku ya tatu lilimwaga mzigo wake wa theluji humo, halikuniziba tena.

Na yule dada aliyenikumbusha kufukua bomba la moshi kabla ya kuwasha gari, Mungu akubariki sana. Lilikuwa limezibwa kabisa, na wanangu wawili walishaketi ndani. Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari, haina harufu. Nikiwaza hilo mikono bado inatetemeka.

Kazini nimekosa zamu moja tu. Mzee wa nyumba ya pili bado hajatoka. Kesho naenda kumfukulia ngazi.