Naanza kudarizi kwa sufu: nichore nini?

MamaPacha, Kisumu
Habari za jioni wapendwa. Nimekua nikidarizi vitambaa vya makochi na mama kwa uzi wa pamba. Sasa moyo umependa kruweli, ile tarizi ya sufu juu ya kitani. Nimeona picha za kazi za Uingereza za karne ya 17: mti uliopinda, majani makubwa, ndege. Zinapendeza sana, ila maua yale sijawahi kuyaona shambani. Tena uzi wangu wa sweta unakatika kila nikivuta. Nianzie wapi?

Fundi wa Nakuru
Dada, uzi wa sweta ni mnene mno. Tafuta sufu nyembamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa, na sindano yenye tundu refu. Kata uzi mfupi, kutoka kidoleni hadi kiwikoni tu. Sufu ikipita kitambaani mara nyingi huchakaa. Fremu ya kukaza kitambaa usiikose. Anza na mshono wa mnyororo, unasamehe makosa.

NyarKano
Nenda Dunga, pale kando ya ziwa Kisumu, asubuhi na penseli. Kuna mafunjo, kuna ndege mdiria. Hata gugu maji, ingawa limewatesa wavuvi wetu: ua lake ni zambarau, na petali ya juu ina doa la manjano. Mimi hulitazama kila mara.

MamaPacha, Kisumu
Asanteni! Nimerudi kutoka Dunga sasa hivi. Nimechora mafunjo matatu na ua moja. Sufu ya zambarau ninayo ya aina mbili. Je, iliyokolea ikae katikati au ukingoni?