Klarineti mpya ya mpingo inanikataa kwenye noti ya B: mbovu ni yenyewe au ni mimi?

Mwanafunzi_wa_Pumzi:
Wakuu, habari za muda huu.

Nina miezi 8 najifunza klarineti kwa ile ya plastiki. Wiki iliyopita nimepata mpya kabisa, ya wataalamu, mpingo mtupu. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani: E ya chini ilinitetemesha meno. Kwenye plastiki noti hiyo ilikuwa kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Raha ikaishia hapo. Nikitoka A ya katikati kwenda B, ama kimya, ama yowe la bata. Kwenye plastiki navuka mara 7 kati ya 10. Huku nikipata 2 nashukuru. Halafu ni nzito, gumba la kulia linauma. Na juzi, baada ya saa mbili za mazoezi, A ikaanza kububujika kama birika. Nimeuziwa kimeo? Au nirudi kwenye plastiki mpaka nikomae?

Kofia_Nyeusi:
Usirudishe kwanza. Piga E ya chini, ishikilie, kisha bonyeza kile kitufe cha gumba la kushoto bila kugusa kingine chochote. Inatakiwa iruke mpaka B. Klarineti hairuki noti 8 kama saksafoni, inaruka 12. Ikiruka safi, pedi (vile vifuniko laini vya matundu) zinaziba na chombo ni kizima.

BiMkubwa_Bendi:
Saa mbili?! Mwanangu, huo mpingo utaupasua. Pumzi yako ina unyevu. Ndani mti unavimba, nje bado mkavu, ufa unatokea, na mara nyingi ni kwenye kipande cha juu. Wiki za mwanzo dakika 15 hadi 20 kwa siku, kisha ongeza taratibu. Ukimaliza pitisha kitambaa ndani. Ikiwa ya baridi, ipashe kwa viganja kabla ya kupuliza.

Saba_Mchana:
Bi Mkubwa, heshima yako, ila hapo kuna ubishi. Wapo wanaopiga mpya tangu siku ya kwanza bila shida, mbao zenyewe zimekaushwa muda mrefu kiwandani. Kwenye kitambaa nakuunga mkono.

BiMkubwa_Bendi:
Ikipasuka utamlipia wewe?

Kofia_Nyeusi:
😂 Kububujika ni maji yameingia kwenye tundu, si ugonjwa. Weka karatasi ya kusokotea sigara chini ya pedi husika, bonyeza kidogo, itayanyonya. Mtoa mada, utete wako (ule ulimi mwembamba unaotetemeka ukipuliza) ni namba ngapi, yaani ugumu wake?

Mwanafunzi_wa_Pumzi:
Namba 3, na kipande cha mdomoni kilichokuja nayo. Muuzaji alisema 3 ndiyo ya wataalamu.

Kofia_Nyeusi:
Umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, utajuaje kosa liko wapi? Rudisha kipande chako cha zamani na utete wako wa 2 na nusu. Kingine: A unaishika kwa kidole kimoja, B inataka karibu vyote vishuke pamoja. Ukiwa kwenye A, tanguliza vidole vya mkono wa kulia juu ya matundu yao. A haiharibiki, na safari ya kwenda B inakuwa fupi.

Mwanafunzi_wa_Pumzi:
Mrejesho. Jaribio la E limeruka safi, mara zote. Kwa utete wa zamani navuka 5 kati ya 10. Nikikosa, nasimama palepale natazama alama za matundu kwenye ncha za vidole. Vyote vina duara kamili isipokuwa cha pete cha kulia: nusu mwezi, kila mara. Plastiki ilikuwa inanisitiri, au sikuwahi kutazama tu.

Dakika 15 zangu za leo zimeisha. Bi Mkubwa, kitambaa nimepitisha.