Naomba ushauri: maisha ya George Rogers Clark niyaanzie wapi?

Ndugu zangu, naandaa makala ya wanafunzi wa kidato cha sita kuhusu George Rogers Clark, ofisa wa mgambo wa jimbo la Virginia ambaye Februari 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza, aliwaongoza watu wapatao 170 kuvuka tambarare za Illinois zilizofurika, maji ya baridi yakiwafika kifuani na bunduki wakizinyanyua juu, hadi wakaitwaa ngome ya Vincennes mikononi mwa Waingereza. Kinachonitatiza ni kwamba mbele ya ngome hiyohiyo, kwa amri yake, mateka kadhaa wa jamii za wenyeji asilia waliuawa kwa shoka, nami sipendi kulipitia jambo hilo juujuu kama wafanyavyo wanaomsifu. Kisha kuna madeni: alidhamini mahitaji ya kikosi kwa sahihi yake, Virginia ikagoma kuyalipa mengi, na wadai wakamwandama hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1818, akiwa amekatwa mguu mmoja.

Je, nianze na mafuriko au na madeni? Na neno “mgambo” nilibakize, ilhali kwa kijana wa Dar es Salaam mgambo ni yule anayewafukuza machinga?