Kompyuta mpya, waya wa intaneti haushiki, siku 11 napigwa danadana hapa Mbeya

Wakuu, salamu. Jambo hili nimekaa nalo rohoni siku 11 na leo nalitoa lote. Ni refu, mnivumilie. Nimekasirika, na kuna watu hapa mjini wanaendelea kuuziwa mashine kwa namna hii hii wakati mimi naandika.

Nina steshenari Mwanjelwa. Nadurufu, nachapa barua, nawajazia watu fomu za mtandaoni: vyeti vya kuzaliwa, TIN, na msimu huu hasa maombi ya mikopo ya vyuo. Anayeifanya kazi hii anajua Julai ndiyo mavuno yetu. Watoto waliomaliza kidato cha sita wanakuja kutoka Tukuyu, Chunya, Mbalizi, kila mmoja na bahasha yake ya plastiki yenye vyeti, wengine wameongozana na wazazi. Mashine yangu ya mtumba ya tangu 2017 ilikuwa imechoka kabisa, ukifungua kurasa mbili inaganda. Zamu yangu ya upatu ilipofika nikaongezea na ya kibubu, nikanunua CPU mpya kwa shilingi 1,450,000. Monita na kibodi ninazo.

Muuzaji nilimwambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake: hii ni ya kazi za mtandao, na natumia waya. Wi-Fi kwangu haifiki vizuri, rauta iko chumba cha nyuma na katikati kuna ukuta mnene wa tofali. Isitoshe fomu ya mtoto ikikatika katikati unarudia upya, na control namba ikigoma mzazi anadhani umemla hela. Akanijibu, "Mama, hii ukifika unachomeka tu." Akanipigia Windows palepale kwa flashi yake, ikawaka, nikalipa. Nikapewa risiti ya EFD na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja.

Nikafika, nikachomeka waya uleule uliokuwa kwenye mashine ya zamani. Hakuna kitu. Chini kulia ya skrini kuna alama ya dunia yenye duara la kukataza. Nachomoa, narudisha kwenye ya zamani, intaneti hiyo hapo. Narudi kwenye mpya, hakuna. Nimefanya hivyo mara sita au saba usiku ule, nimepiga magoti chini ya meza.

Asubuhi nikapiga simu dukani. "Hilo ni la kampuni ya intaneti mama, waambie wakufungulie mashine mpya." Nikaipigia kampuni, nikasikiliza muziki dakika 40. "Kwetu rauta yako iko hewani, tatizo ni kompyuta." Nikarudi dukani kwa simu. "Basi ilete." Nikafunga duka, nikapanda bajaji na CPU mapajani, nimeifunika kwa kitenge kwa sababu ya vumbi. Kijana akaifungua ubavu, akaipuliza. Vumbi gani, mashine ina siku mbili! Akachomeka kile kidude kidogo cha Wi-Fi, intaneti ya dukani kwao ikaja, akaniambia mashine nzima kabisa, nenda nayo. Tundu la waya, lile nililomwambia bosi wake kabla sijatoa hata shilingi, hakuligusa. Nilipomwomba achomeke waya akasema pale hawana waya wa ziada. Duka la kompyuta!

Safari ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi. Nimerudi siku ya sita, wakanikalisha kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana, halafu wakaniambia mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imepigwa na umeme wa kwangu, kwa hiyo waranti imekufa. Kubadilisha ni 280,000, au ninunue kadi ya mtandao ya kuchomeka kwa 65,000. Nikauliza, mmepimaje kwamba ni umeme? Akasema, "Mama, sisi ndio mafundi." Nikabeba mashine yangu, nikatoka. Sikutaka kulia mbele yao.

Aliyenitoa ni kijana mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, amekuja kudurufu noti zake. Akaniona nimeishika CPU nimeduwaa. Akanisalimia, akauliza swali ambalo kwa siku saba hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, zile taa za nyuma kwenye tundu la waya zinawaka?" Tukageuza. Taa zote mbili zimezima.

Akafungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, nikaona kwa macho yangu mstari umeandikwa Ethernet Controller na pembetatu ya njano. Akanieleza kwamba maana yake Windows inaiona kadi ya mtandao lakini haina draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Kadi haijaungua. Akaingia kwenye sifa zake, sehemu ya maelezo, akanionyesha maandishi VEN_10EC na DEV_8125. Hiyo 10EC ni namba ya Realtek, kampuni inayotengeneza kadi hizo. Ingekuwa ya Intel ingesomeka 8086. Na 8125 ni kadi yao ya mtandao ya kasi ya gigabiti 2.5 kwa sekunde. Windows niliyopigiwa pale dukani ilikuwa Windows 10, tena nakala ya zamani, haina draiva ya kadi hiyo. Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025! Mtu ananiuzia mashine mpya, anaiwekea mfumo wa zamani kutoka kwenye flashi aliyonayo mfukoni miaka yote, hafungui dirisha moja kuangalia kama kuna alama ya njano, halafu mimi naambiwa umeme wangu umeua mazabodi. 280,000! Ningekuwa nazo siku ile ningelipa.

Na draiva unaipataje kama intaneti haiingii? Hapo ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo naeleza. Alichukua simu yangu, akaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia, akaingia kwenye mipangilio ya simu akawasha kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta ikaitambua simu kama mtandao bila kuomba chochote. Akaingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi, akaandika namba ya modeli iliyochapwa kwenye ubao wenyewe, akashusha draiva ya LAN, yaani ya mtandao wa waya, akaiweka. Akanisisitiza nisishushe kwenye zile tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kitu, nyingi zinakuwekea uchafu. Chai haijachemka, kazi imekwisha. Taa za nyuma zikawaka, ya kijani na ya njano.

Nilipiga kigelegele, wateja wakageuka.

Furaha ilikaa dakika mbili. Taa zikazima. Zikawaka. Zikazima. Akaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, kwenye kile kidirisha cheusi, ikaja anwani inayoanza na 169.254. Hiyo mkiiona, wakuu, ijueni: kompyuta imeomba anwani kwa rauta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ukiwa nayo huendi popote kwenye intaneti. Mimi moyo ukaanguka, nikaona kumbe wale wa dukani walisema kweli. Kijana akasema, subiri mama, sasa tuuangalie waya.

Akashika kichwa cha waya, kile cha plastiki angavu, akakielekeza dirishani kwenye mwanga. Ndani kuna nyuzi nane. Akaniambia zihesabu. Nikahesabu, nikaona ile ya bluu haijafika mbele, imeishia njiani kama milimita tatu, na ya kahawia ya mwisho pembeni hivyohivyo. Vile vipande vya shaba vya kubana havikuzigusa kabisa. Halafu akachukua wembe wangu wa kukatia karatasi, akakwangua kipande cha waya kilichobaki siku ya kufungiwa. Juu rangi ya shaba, ukikwangua kidogo ndani ni nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika ovyo ukiikunja na upitishaji wake ni dhaifu kuliko wa shaba halisi. Fundi wa kampuni ya intaneti alinitoza 45,000 kwa mita 18 za waya huo, akaniambia ni Cat6, "ule bora". Nilimpa na soda.

Sasa swali lililowapa wote kisingizio: mbona mashine ya zamani ilikuwa inakubali waya huohuo? Hili ndilo walinipigia kelele nalo, duka na kampuni, kwamba waya mzima kwa sababu ya zamani inafanya kazi, basi mbovu ni mpya. Jibu lake ni rahisi na fundi yeyote wa mtandao alipaswa kulijua akiwa amelala. Kadi ya mashine yangu ya zamani mwisho wake ni megabiti 100, na kwa kasi hiyo zinatumika nyuzi nne tu kati ya nane, namba 1, 2, 3 na 6. Ya bluu na ya kahawia hazimo. Kadi mpya na rauta yangu zote zina uwezo wa gigabiti, zikikutana zinataka kupanda huko, na gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Zinajaribu, zinakuta mbili hazipo, zinaachana, zinajaribu tena. Ndiyo maana taa zilikuwa zinawaka na kuzima.

Alichofanya kwa muda ni kuingia kwenye sifa za kadi, sehemu iitwayo Advanced, palipoandikwa Speed & Duplex, akatoa ile ya kadi kujichagulia kasi akaweka 100 Mbps Full Duplex. Taa zikatulia. Tangu juzi haijakatika. Kifurushi changu ni cha megabiti 20, kwa hiyo sipotezi kitu kwa sasa. Nilimpa kijana 20,000, akakataa, akachukua noti zake bure. Mungu amlinde.

Hasira yangu iko hapa. Katika siku hizi nimelipia bando la simu karibu 30,000 nikifanya kazi kwa hotspoti. Bajaji safari mbili kwenda na kurudi. Wateja wameenda kwa jirani, na wengine hawatarudi. Kuna binti kutoka Busokelo alikuja na bibi yake, bibi amebeba kikapu cha ndizi, wameondoka nyumbani alfajiri na baridi hii. Ukurasa umekatika mara nne wakati napakia cheti cha kifo cha baba yake. Mara ya nne bibi akaniambia, "Basi mwanangu, usihangaike," wakanyanyuka. Nimewatafuta kwa simu jana, nimemjazia binti bila malipo. Lakini ile nauli nani atairudisha?

Najua kuna mtakaosema ningeenda dukani kugombana. Nimeshasoma. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimwambia muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, ukategemea utaalamu wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Mimi nilimwambia. Risiti ninayo. Jumatatu nakwenda, na nataka mambo mawili: Windows inayohudumiwa na draiva zake zote, na maandishi kwamba waranti yangu iko hai, kwa sababu waliniandikia "imepigwa na umeme" kwenye karatasi yangu kwa kalamu nyekundu. Kampuni ya intaneti nimeshawaandikia barua kuhusu waya. Wakikaa kimya napanda ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapahapa mjini.

Na mnaonunua mashine wiki hii, nawaomba, nendeni na waya wenu dukani. Msitoe hela mpaka muuzaji achomeke waya nyuma ya CPU mbele ya macho yenu, taa ziwake, ukurasa ufunguke. Akisema hana pa kuchomeka, ondokeni.

Mimi shida yangu iliyobaki ni waya. Nimezunguka Kabwe na Mafiati, kila roli ninayokwangua ndani ni nyeupe. Anayejua duka hapa Mbeya linalouza waya wa shaba tupu kwa mita anitumie ujumbe na bei. Nahitaji mita 18, na mtu wa kubana vichwa ambaye atakubali nimsimamie.