Harusi Zanzibar, ukoo Katuba: bei ya tiketi ndiyo ichague wageni?

Mama mdogo wa Katuba

Wapendwa, naleta shauri lililotugawa nyumbani, na najua si kwetu tu hapa Lubumbashi. Mtoto wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anaolewa mwezi wa nane. Mahari yalitolewa Pasaka hapa Katuba. Wazee walikaa, mbuzi wakafungwa chini ya mwembe, nkambo, mzee wetu, akahesabu vitenge kimoja kimoja akivifunua na kuvinusa kama vina rangi ya kweli. Tukajua harusi itafuata papa hapa. Badala yake ukaja ujumbe kwenye simu: sherehe ni Zanzibar, ufukweni, watu 40. Malazi ya siku tatu wanalipa wao. Safari, kila mtu ajitegemee.

Upande wetu tuko 12. Kadi ya njano ni lazima, kwa kuwa tunatoka Kongo na Tanzania inadai chanjo ya homa ya manjano. Halafu bima: tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia dola 44. Mara 12 ni dola 528, na hapo hata tiketi hatujaigusa. Wenye pasipoti ni watatu. Nkambo hajawahi kuwa nayo. Na mwezi wa nane kule ni kiangazi, watalii wamejaa, kila bei iko juu. Masika ingekuwa nafuu, ila nani ataka kupigwa picha ya harusi kwenye mvua.

Lakini pesa siyo kiini cha neno langu. Harusi ya hapa mtaani, ukitaka kumwacha mtu nje, lazima ulitaje jina lake na ubebe lawama. Harusi ya kisiwani haimkatai mtu. Mwaliko unafika kwa wote, kisha tiketi inafanya ile kazi ambayo wenye harusi waliogopa kuifanya kwa mdomo. Anayebaki anaonekana ni yeye aliyeshindwa. Hiyo ndiyo inayoniuma. Nyie mwasemaje?

Kijana wa Bel-Air

Mama, jambo. Nitasema bila kukosa heshima. Mimi nilioa hapa hapa, ukumbi wa watu 200. Walikuja zaidi ya 350. Bia iliisha saa tatu usiku, nikakopa kreti za pili kwa jirani wa ukumbi nikiwa na suti yangu ya arusi, jasho linatiririka. Deni lile nililimaliza baada ya miezi 14. Zamu ya mke wangu kwenye likelemba, ile michango ya kupokezana, ambayo alikuwa anunulie cherehani, ikaenda kulipia viti vilivyovunjika. Wale 150 wa ziada, hakuna aliyekuja Jumatatu kuuliza tumekula nini.

Kwa hiyo mtu akikimbilia kisiwani na watu 40, mimi namwelewa. Anatukimbia sisi, ndiyo. Tujiulize kwa nini.

Mjomba wa Kipushi

Kwetu Babemba mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayesimama. Mwaka jana mjomba mimi nilitumiwa video ya harusi. Video!

Mwanasheria mstaafu, Kamalondo

Tutofautishe mambo. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, katika kifungu cha 361 inataka mchumba na familia yake wapatane na wazazi wa binti juu ya mahari, na ndoa haifungwi kama mahari hayajatolewa angalau sehemu. Maana yake ukoo umeshapewa nafasi yake kisheria, na nafasi hiyo ilijazwa Pasaka chini ya mwembe wenu. Kinachobaki ni kwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kutia sahihi. Mchanga na muziki ni karamu tu, na karamu mtu anaipeleka anakotaka.

Mama mdogo wa Katuba

Baba, kwa sheria umenishinda. Ila kwenye mahari nkambo alifanya kazi: alikaa, akahesabu, akajadili. Karamu ndiyo siku yake ya kucheza. Unamwambia aliyefanya kazi kwamba malipo yako ng'ambo ya maji.

Dada wa Liège, mzaliwa wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi)

Mimi niko upande unaolaumiwa. Tumezaliwa watano: wawili tuko Ubelgiji, mmoja Johannesburg, mmoja Dubai, mmoja amebaki Lubumbashi na mama. Mama alinyimwa viza ya kuja Ulaya mara mbili. Kama ningefunga arusi hapa Liège, mama asingeniona. Nikichagua Lubumbashi, mume wangu ana ndugu ambao wasingekuja. Zanzibar ilikuwa katikati, na tulimlipia mama kila kitu.

Alifika. Sitaki kusema uongo, hakufurahi kama nilivyodhani. Alikaa kwenye kiti cheupe, viatu mkononi, visigino vimemzamia mchangani, akimtafuta mtu wa kuongea naye Kibemba. Usiku akaniuliza kama bukari, ugali wetu, inapatikana. Kiswahili cha pale anakisikia, lakini aliona aibu kukijibu, akidhani watamcheka kwa chake cha migodini.

Ningerudia? Ndiyo. Lakini ningemleta na dada yake.

Mtoto wa Bunkeya

Msiri alitoka huko huko Tanzania ya leo, safari ya miguu, akaja kuanzisha ufalme wake Bunkeya, huku kwetu. Hakudai bima ya mtu! Nyie mna ndege mnalia.

Dereva wa Kasumbalesa

Ndege siyo njia pekee. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, unavuka Zambia, unapita Kapiri Mposhi, unatokea Nakonde na kuingia Tunduma. Kutoka hapo mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900, Mbeya, Iringa, Morogoro. Halafu boti ya saa mbili hivi, na bei ya mgeni si ya mwenyeji. Mabasi yapo. Mipakani wekeni siku za ziada, foleni haina tarehe ya harusi. Na mwambieni nkambo mizigo yake asiitie kwenye saché: Tanzania mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 2019. Finkubala, vile viwavi vikavu, aziweke kwenye mfuko wa kitambaa. Mimi mwenyewe nimeshaona mama anamwaga karanga chini pale mpakani, na mfuko ukachukuliwa.

Mama mdogo wa Katuba

Nimesoma yote. Kijana wa Bel-Air, pole kwa cherehani. Dada wa Liège, neno lako la dada wa mama nimelisoma mara mbili, kisha nikampelekea yaya wangu. Akanijibu kwamba binti amekubali kulipia watu wawili: nkambo na mmoja wa kumshika mkono. Kumi tunabaki palepale.

Kuhusu pasipoti ya nkambo tunaanza Jumatatu. Yeye anasema hapandi ndege. Baba dereva, hayo mabasi yanaondoka siku gani?